Kipimo cha Damu cha Wiki ya 10: Kinachojibu na Kisichojibu



Hivi karibuni mama mmoja alikuja ofisini kwetu na bahasha mkononi. Mimba yake ilikuwa inaingia mwezi wa 5. Mimba ilipokuwa ya miezi 3 kliniki ilimpa karatasi ya kusaini ili achukuliwe damu, na katika ukurasa ule wote wa Kiingereza neno alilolitambua lilikuwa moja tu: DNA. Akaniuliza, "Dada, hawa watu wanatafuta nini tena kwangu? Mambo ya DNA si yaliishia Uhamiaji?" Tangu alipoona neno hilo hakurudi kliniki. Miadi miwili ilipita, na hakuna aliyempima presha.

Sikumlaumu. Wengi wetu neno DNA tulilisikia kwa mara ya kwanza katika kesi za kuunganisha familia. Mwaka 2008 Marekani iliusimamisha mpango wa P-3, ule wa kuleta ndugu wa karibu, baada ya vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba undugu mwingi ulioandikwa kwenye fomu haukuthibitika. Mpango ulipofunguliwa tena mwaka 2012, DNA ikawa sharti kwa anayesema huyu ni mtoto wangu wa kumzaa au huyu ni mzazi wangu. Kuna familia zilizosubiri miaka kwa sababu hiyo. Kuna walezi waliolea watoto wa marehemu ndugu zao kwa moyo wote, kisha wakaambiwa damu haikubali. Kwa hiyo mtu akiliona neno hilo kwenye karatasi ya kliniki na kushtuka, ana sababu.

Lakini kipimo cha wajawazito ni kitu kingine. Hakiagizwi na Uhamiaji na hakifanywi kwa ajili ya Uhamiaji. Hakisemi baba wa mtoto ni nani, kwa sababu baba hachukuliwi damu wala halinganishwi na mtu. Watoto wako wengine hawaguswi. Kinaangalia mimba hii tu. Kuna maswali ambayo kinayajibu vizuri, na kuna swali moja kubwa ambalo hakilijibu. Kutojua tofauti hiyo kuliniponza mimi mwenyewe, nami nitasimulia mbele.

Damu yako imebeba nini

Kumbukeni mashine ya kusaga kule kambini. Mtu akitoka mle ndani, nguo zake zimejaa vumbi. Likiwa jeupe, unajua wanasaga muhogo. Likiwa jekundu, unajua ni mtama. Hukuingia ndani, hukufungua gunia, lakini vumbi limekwambia.

Mimba nayo inatoa vumbi lake. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni na kutoka baada yake, limeumbwa kutokana na yai lilelile lililomuumba mtoto. Kila siku chembe zake nyingine zinakufa na mpya zinazaliwa. Zile zinazokufa zinavunjika, na vipande vidogo sana vya DNA yake vinaingia katika damu ya mama. DNA ni maandishi ya mwili: humo ndimo imeandikwa rangi ya macho, kundi la damu, na mambo mengine tuliyorithi kwa baba na mama.

Kwa hiyo nesi anapochukua damu kwenye mkono wako, katika maji ya damu hiyo kuna vipande vyako na vipande vilivyotoka kwenye kondo. Kuanzia wiki ya 10, kwa kawaida kama vipande 10 kati ya 100 ni vya kondo na vilivyobaki ni vyako. Sindano haiendi tumboni. Mtoto haguswi, na mimba haiwezi kutoka kwa sababu ya kipimo hiki.

Mama wengi wameniuliza: "Mimi nimezaa watoto 6, si vitachanganyika na vya zamani?" Havichanganyiki. Vipande hivi havikai. Nusu yake huondoka katika damu kwa muda wa dakika 16 hivi, na mama akishajifungua, baada ya siku moja au mbili havionekani tena. Vinavyokutwa leo ni vya mimba ya leo.

Watu walijuaje jambo hili

Aliyeliona kwanza ni Dennis Lo, daktari wa Hong Kong aliyekuwa akifanya kazi Oxford, Uingereza. Alikuwa amesoma kwamba uvimbe wa saratani unaacha DNA yake katika damu ya mgonjwa. Akawaza: kama uvimbe unaacha alama, je, mtoto anayekua ndani ya mama?

Mwaka 1997 yeye na wenzake walichukua damu za wajawazito 43 na kutafuta humo alama ya kiume, ambayo mwanamke hana. Kati ya mama 30 waliobeba watoto wa kiume, alama hiyo ilionekana kwa 24. Kati ya mama 13 waliobeba watoto wa kike, haikuonekana hata kwa mmoja. Basi ilitoka kwa mtoto.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1999, walipima wingi wa vipande. Walilinganisha mama wenye mimba salama na mama waliopatwa na presha ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Kwa mama wenye presha vipande vya kondo vilikuwa vingi zaidi, karibu mara 5. Turudi kwenye mashine yetu: ikianza kuharibika na kutikisika, vumbi linaongezeka. Kondo likiwa na shida, chembe nyingi zaidi zinakufa, na vipande vingi zaidi vinamwagika katika damu. Hata kwa mama waliopatwa na uchungu kabla ya wakati waliona ongezeko.

Hapo matumaini yakawa makubwa: labda siku moja tutapima damu na kumwambia mama mapema kwamba presha ya mimba inakuja. Siku hiyo, kwa kipimo hiki, bado haijafika. Shikeni hapo, nitarudi.

Maswali ambayo kipimo kinajibu

Kipimo kilianza kutumiwa kliniki hapa Marekani mwaka 2011. Kazi yake kubwa ni kuhesabu kromosomu. Kromosomu ni kama vitabu ambamo DNA imeandikwa. Kila mtu kwa kawaida ana 46, yaani jozi 23. Mtoto akiwa na kitabu kimoja cha ziada, kukua kwake kunabadilika. Kromosomu ya 21 ikizidi, mtoto anakuwa na hali inayoitwa sindromu ya Down. Ya 18 au ya 13 ikizidi, hali ni nzito zaidi, na watoto wengi hawaishi muda mrefu. Maabara inahesabu vipande: kama vya kromosomu ya 21 vimezidi kidogo kuliko inavyotarajiwa, inatoa taarifa.

Kipimo kinaweza pia kusema kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Kama ninyi hamtaki kujua, mwambieni nesi mapema, maana jibu hilo mara nyingi linaandikwa kwenye karatasi ileile.

Kuna kazi nyingine inayookoa watoto, nayo inahusu kundi la damu. Mama mwenye damu ya Rh hasi akibeba mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili za kupigana na damu hiyo. Mara nyingi mtoto wa kwanza haumii, anayeumia ni anayefuata. Ndiyo maana mama wa Rh hasi anapewa sindano ya kumkinga karibu na wiki ya 28. Siku hizi vipande vya DNA katika damu ya mama vinaweza kuonyesha kundi la Rh la mtoto kabla hajazaliwa. Uingereza, Uholanzi na Denmark wanatumia njia hii, ili mama ambaye mtoto wake pia ni Rh hasi asichomwe sindano asiyoihitaji. Kwetu Afrika watu wa Rh hasi ni wachache, kwa hiyo wengi hatukuwahi kulisikia jambo hili. Uliza kundi lako la damu, liandike, ulijue.

"Hatari kubwa" haina maana "mtoto mgonjwa"

Hapa ndipo machozi mengi yanapotokea bila sababu. Kipimo hiki ni cha kuchuja, si cha kuthibitisha. Unapopepeta mchele kwenye ungo, unatenga punje zinazotiliwa shaka, kisha unaziangalia moja moja kwa macho. Kipimo cha damu ni ungo. Kinasema, "huyu aangaliwe zaidi." Hakisemi, "huyu ni mgonjwa."

Chukueni mfano wa hesabu. Namba hizi ni za kufundishia tu. Tuseme hali fulani ni adimu, inawapata watoto 5 kati ya 10,000. Kipimo kinawanasa wote 5. Lakini kati ya wale 9,995 wazima, kinakosea kwa 5 tu. Ni kipimo kizuri sana, sivyo? Hata hivyo mama 10 watapigiwa simu na kuambiwa "hatari kubwa," na 5 kati yao, yaani nusu, watoto wao ni wazima. Kadiri hali inavyokuwa adimu, ndivyo simu za kushtua bure zinavyoongezeka.

Sababu nyingine ni ile niliyoieleza mwanzoni: vipande vinatoka kwenye kondo, si kwa mtoto mwenyewe. Mara chache kondo linakuwa na kromosomu ya ziada na mtoto hana.

Kwa sindromu ya Down kipimo kinaaminika zaidi. Kwa kromosomu ya 13, na kwa vipande vidogo vilivyokatika ambavyo baadhi ya maabara huviongeza kwenye orodha, majibu ya kushtua yanakosea mara nyingi zaidi. Mwezi wa 4 mwaka 2022, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ilitoa onyo kwa umma: mtu asifanye uamuzi mzito juu ya mimba kwa kipimo hiki peke yake.

Ukiambiwa "hatari kubwa," hatua zinazofuata ni hizi. Kwanza, omba kukutana na mshauri wa vinasaba, pamoja na mkalimani. Pili, utafanyiwa picha ya ultrasaundi kwa makini. Tatu, unaweza kupewa nafasi ya kipimo cha kuthibitisha: ama kuchukua chembe ndogo ya kondo kati ya wiki ya 10 na ya 13, ama kuchukua maji ya uzazi kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Vipimo hivi viwili vinatoa jibu la uhakika zaidi, lakini vina hatari ndogo ya mimba kutoka. Kwa hiyo hakuna wa kukulazimisha.

Kipimo kikikosa jibu

Wengine wanapigiwa simu na kuambiwa damu "haikutosha." Haina maana kwamba una upungufu wa damu. Maana yake vipande vya kondo vilikuwa vichache mno kuhesabika. Maabara nyingi zinataka angalau 4 katika kila 100. Labda damu ilichukuliwa mapema kabla ya wiki ya 10. Labda mama ana uzito mkubwa, kwa hiyo vipande vyake mwenyewe ni vingi na vya kondo vinamezwa humo. Na mara nyingine uchache huo wenyewe ni dalili kwamba kuna shida kwenye kromosomu au kwenye kondo. Kwa hiyo usinyamaze. Uliza: tunarudia damu, au tunafanya ultrasaundi?

Swali ambalo kipimo hiki hakijibu: presha

Sasa yangu. Mimi nimekulia Nyarugusu, na mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa tayari hapa Marekani. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nafanya kazi hii ninayofanya sasa, nilijiona najua. Wiki ya 11 nikachukuliwa damu. Baada ya siku kadhaa sauti ikaniambia kwa simu kwamba majibu ni mazuri, hatari ni ndogo, hongera. Nikamshukuru Mungu. Moyoni nikaandika: mimba hii imepimwa, ni salama.

Wiki ya 35 kichwa kikaanza kuniuma. Siku ya kwanza nikasema ni kazi. Siku ya pili nikasema ni baridi. Vidole vikavimba, nikavua pete nikaiweka kabatini. Usiku nikawa naona nyota ndogo ndogo zikicheza mbele ya macho. Kila wazo la kwenda hospitali lilipokuja, nililijibu kwa maneno yaleyale: lakini damu yangu ilikuwa nzuri. Aliyeniokoa ni shangazi yangu, ambaye hakusoma kupita darasa la 4. Alikuja kuleta sombe, akaniangalia mlangoni, akasema, "Mwanangu, huu uso si wako. Vaa viatu." Presha ilikuwa 168 juu ya 112. Mtoto alizaliwa usiku uleule. Wote wawili tupo.

Baadaye nilijiuliza ni nani wa kulaumu. Yule wa simu hakunidanganya. Kromosomu za mtoto zilikuwa sawa kama alivyosema. Shida ni kwamba hakuna aliyeniambia kuwa kipimo kile kilikuwa kimeulizwa swali moja tu, na mimi nikalichukua jibu lake kama jibu la maswali yote.

Mtauliza: si tumesoma kwamba wenye presha ya mimba vipande vyao ni vingi mara 5? Kweli. Lakini hiyo ni tofauti kati ya kundi na kundi. Ukimchukua mama mmoja mmoja, namba zinapishana sana: mwenye afya anaweza kuwa na vingi kwa sababu ya wiki za mimba yake, na mwenye presha anaweza kuwa na vichache kwa sababu ya uzito wake. Huwezi kumwambia mama huyu mmoja, leo, kwamba atapatwa au hatapatwa. Kwa hiyo kliniki hazitumii DNA hii kutabiri presha ya mimba. Mwaka 2023 FDA iliidhinisha kipimo kingine cha damu kinachoangalia protini mbili zinazohusiana na kondo, lakini hicho ni cha mama aliyekwisha kulazwa hospitali kwa presha, ili kujua kama itakuwa kali.

Kwa sisi wengine, kinachotambua presha ya mimba ni kile kile cha zamani: mkanda wa mkononi na kikombe cha mkojo. Mkanda ukisoma 140 juu ya 90 au zaidi, baada ya wiki ya 20, daktari lazima afuatilie. Ukisoma 160 juu ya 110, ni dharura. Ndiyo maana miadi hata ile inayoonekana ya bure, dakika 10 tu na kurudi nyumbani, ina maana. Ile ya dakika 10 ndiyo inayookoa.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, au piga 911, ukiona haya:

- kichwa kinauma sana na hakitulii kwa dawa
- unaona nyota, ukungu, au giza
- maumivu makali juu ya tumbo, hasa chini ya mbavu za kulia
- uso au mikono imevimba ghafla
- unapumua kwa shida
- umepatwa na degedege

Dalili hizi ni za hatari pia baada ya kujifungua, hadi wiki 6. Ukifika, sema kwanza, "Nina mimba," au, "Nimejifungua juzi." Ukianza na kichwa peke yake, unaweza kukalishwa kwenye foleni.

Na kama uliwahi kupata presha ya mimba, au una mapacha tumboni, au una kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku zote, mwambie daktari mapema. Mama wa namna hiyo mara nyingi wanapewa aspirini ndogo ya miligramu 81 kila siku, inayoanzwa kati ya wiki ya 12 na ya 28, na ni vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16. Mimi kwa mimba ya pili nilipewa. Usiinunue dukani na kuanza mwenyewe, uliza.

Kukubali au kukataa

Tangu mwaka 2020 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kinashauri kila mjamzito aelezwe juu ya kipimo hiki, awe na miaka 19 au 40. Kuelezwa si kulazimishwa. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, na ukikataa unaendelea kupata huduma zote za kliniki.

Baadhi yenu mnasema, "Mtoto ni zawadi ya Mungu, sitaitoa mimba, kwa nini nipime?" Ni sababu ya kuheshimiwa, na wapo wanaokataa kwa sababu hiyo wakiwa na amani. Wapo pia wenye imani ileile wanaokubali, kwa sababu karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down wanazaliwa na tatizo la moyo, na wazazi wanataka kuzaa katika hospitali yenye madaktari wa moyo wa watoto. Kila nyumba ijadili yake. Baba, nawe uwepo kwenye mazungumzo hayo, lakini mkono unaochomwa ni wa mama, na anayesaini ni mama.

Kabla ya kusaini

Omba mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kukupa mkalimani bila malipo, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usimtumie mtoto wako wa shule kutafsiri mambo haya. Sheria haitaki, na mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kumwambia mama yake habari nzito.

Kisha uliza maswali haya. Mnaweza kukata sehemu hii na kwenda nayo:

1. Kipimo hiki kinatafuta hali zipi? Ni zile za kromosomu 21, 18 na 13 tu, au mmeongeza nyingine?
2. Bima yangu inalipa yote? Kama hailipi, nitatozwa kiasi gani?
3. Majibu yatatoka lini, na nitapigiwa simu na mtu mwenye mkalimani?
4. Yakiwa ya hatari kubwa, nitaonana na nani?
5. Kundi langu la damu ni lipi, na Rh yangu ni chanya au hasi?
6. Presha yangu leo ni ngapi?

Swali la 6 uliza kila unapokwenda, hata kama hukukubali kipimo cha DNA. Andika namba na tarehe kwenye daftari. Na bili ikija kutoka maabara usiyoijua, usiitupe na usiilipe kwa hofu. Tuletee tuisome pamoja.

Yule mama wa bahasha tulikaa naye karibu saa nzima. Nilimsomea karatasi yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Mwisho akasema, "Sasa nimeelewa. Hiki cha DNA sikitaki. Lakini hicho cha mkanda, hicho nakitaka." Wiki ileile tulimpeleka kliniki na mkalimani. Akasaini sehemu ya kukataa, akanyoosha mkono, nesi akafunga mkanda. Namba zake zilikuwa nzuri, na tangu hapo ameziandika kwenye daftari kila miadi.

Kama una karatasi nyumbani ambayo hujaielewa, usikae nayo. Njoo nayo ofisini, siku yoyote ya kazi.